Waliokuja Kuposa Kampuni

Kerubo mwanangu,

Najua utaifungua barua hii kabla gari halijafika mbali, maana tangu utotoni hujawahi kuiacha bahasha ilale bila kuchunguliwa. Haya, soma. Sikuandika habari za chakula, wala sweta, wala kumpigia nyanya yako simu kila Jumapili. Hayo nimekwambia mpaka ukaziba masikio, na mengine utayasikia kesho asubuhi baba yako mdogo Ondieki atakapoanza ile sala yake isiyo na mwisho huku dereva akipiga honi barabarani.

Niko hapa kibandani, Nyansiongo. Wewe umekwenda Kisii mjini kumuaga Bi. Halima kwenye duka lake la vitambaa, na mvua ya alasiri inapiga mabati kwa hasira, kwa hiyo hakuna mteja atakayekuja kunisumbua na zipu iliyokatika. Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua tunasemezana kwa Ekegusii kila siku, lakini leo nikianza na Ekegusii nitalia na karatasi itaharibika. Kiswahili nilifundishwa na mwalimu wa insha aliyekuwa mkali ajabu, na hata leo nikikiandika huwa naketi wima. Acha kinisaidie.

Nianze na jambo ambalo sijakwambia vizuri hata siku moja. Ninakustaajabia, Kerubo. Sisemi ninakupenda tu, hilo hata kuku wa hapa nyumbani wanalijua. Ninasema ninakutazama jinsi unavyofanya kazi yako na ninashangaa umetoka wapi, maana mimi niliyekuzaa nisingeweza kufanya hata nusu yake.

Unakumbuka swali lako la uzi? Ulikuwa darasa la sita, umekaa chini ya meza hii hii ukitoa vifungo kwenye mashati makuukuu. Wakati ule mwanagenzi wangu alikuwa Moraa wa Birongo, msichana mpole, mwenye mkono mwepesi. Mteja akaleta kitambaa cha gauni la harusi. Nikakitandaza, nikashika chaki na mkasi, kisha nikamwambia Moraa akimbie dukani aniletee uzi. Moraa akatoka. Wewe ukachomoza kichwa chini ya meza ukaniuliza, "Mama, mbona uzi huisha tu ukishika mkasi?"

Nilikufukuza ukachote maji. Ningekujibu nini? Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyokuwa. Mwanagenzi alifundishwa kupiga pasi, kutia vifungo, kukunja pindo, na mwisho kushona mshono ulionyooka. Lakini anayejua kushona tu atashonea wengine maisha yake yote. Anayejua kukata ndiye anayefungua kibanda chake. Kwa hiyo kila fundi, saa ya kukata ikifika, alikuwa na jambo la kumtuma mwanagenzi wake. Fundi wangu wa Keroka alinituma chai. Mimi nilijifunza kukata kwa kufumua koti la marehemu baba yako kipande kwa kipande, halafu nikalishona upya, naye maskini akalivaa kanisani likiwa na bega moja juu na jingine chini. Aliniambia limempendeza. Mwanamume yule alikuwa na huruma.

Sikuona ubaya wowote. Nilidhani huo ndio ujanja wa biashara, na wenzangu wote walidhani hivyo. Moraa akamaliza muda wake kwangu, nikamfanyia maombi na kumpa zawadi ya khanga, akaenda kutia vifungo kwenye kibanda cha mtu mwingine. Ukasoma, ukaenda chuo, ukasomea kompyuta. Watu wakaniuliza utaajiriwa benki au kaunti. Nami nikawajibu kwa maringo kwamba bado unachagua.

Kumbe ulikuwa umeshachagua. Ulirudi ukaniambia unataka kutengeneza masomo ya ushonaji kwa simu, tena si simu kubwa za vioo. Ulitaka msichana mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, apige namba bila malipo na asikie sauti ikimweleza jinsi ya kupima mwili na kukata kitambaa, kwa Ekegusii au kwa Kiswahili. Wakishafuzu, uwaunganishe na viwanda vidogo vya kushona sare, na wenye viwanda ndio wakulipe kwa kupata mafundi walio tayari. Nilisikiliza vizuri kabisa mpaka ulipofika kwenye sauti.

"Nataka sauti yako, mama," ukasema.

Nakumbuka nilivyokukaripia. "Unataka nife njaa? Nikishafundisha kila mtu kukata, nani ataniletea kitambaa?"

Wewe hukubishana. Ulimwaga mchele kwenye ungo, ukaanza kuuchambua, kisha ukasema taratibu, "Watakuletea wakishaharibu, mama."

Nilicheka bila kupenda, na hapo ndipo uliponishinda. Tukarekodi ndani ya kabati la nguo ili jogoo wa jirani asisikike, mimi nimejibana katikati ya makoti, wewe umenishikia tochi. Somo la kukata mkono wa blauzi tulilirudia mpaka nikakasirika, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo wanafunzi husema mwalimu wa somo la mikono ana ghadhabu.

Lakini kilichonifanya nianze kukuheshimu kama mtu mzima kilikuja baadaye. Uliona kwamba wasichana walisikiliza masomo yote, wakayajua kwa moyo, na bado hawakukata. Waliogopa. Kitambaa ni cha pesa, na mkasi ukishapita haurudi. Mtu mwingine angeongeza masomo. Wewe ulikwenda kuwatazama wanawake wakipalilia mahindi, kisha ukarudi ukiwa umejaa maneno. Ulikuwa umekumbuka egesangio, ule ushirika wetu wa kulima kwa zamu, leo shamba langu na kesho lako, wote pamoja. Ukasema wasichana wakate hivyo hivyo. Wiki hii wakutane kwa mmoja, wiki ijayo kwa mwingine, simu iwekwe mezani, wakate kwanza karatasi za mifuko ya saruji, halafu vipande vya kitambaa anavyotupa Bi. Halima, kila mmoja akisimamiwa na mwenzake. Anayeharibu anaharibu mbele ya marafiki, wanacheka pamoja, wanakata tena.

Nilikuwa nimelima katika egesangio tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuwaza kwamba inaweza kuingia katika kampuni. Sijui uliwazaje. Baada ya hapo wenye viwanda vya sare wakaanza kuulizana, "Uko na wale wasichana wa Kerubo?" Nilikuwa nikisikia nikijifanya sijasikia, ili niambiwe tena.

Moraa pia ulimtafuta wewe mwenyewe, ukamtia katika kundi la kwanza, na hukuniambia. Alipofungua kibanda chake Birongo nilikwenda kumtembelea. Nikachukua shati moja aliloning'iniza, nikaligeuza, nikatafuta kosa kwenye kola. Sikulipata. Alinikaribisha soda, akaniita mwalimu, na mimi nikanuna njia nzima ya kurudi. Niliona wivu, Kerubo, wivu mtupu. Ilinichukua muda kujua kwamba nilichokuwa nikikiona kwenye kola ile ni mkono wangu mwenyewe, na kwamba mkono huo ungekufa nami kama si wewe. Nilipojua, niliwaambia wanawake wote wa kanisani.

Sasa nifike kwa wale wageni, maana kama ni kucheka, tucheke leo.

Bi. Halima ndiye aliyewaleta. Familia yake imeuza vitambaa Kisii mjini tangu enzi za babu yake. Nusu ya nyanya zake ni wa hapa hapa na nusu walitoka mbali, na mama yule hupatana bei kwa Ekegusii kutushinda sisi. Mpwa wake anafanya kazi Nairobi katika ofisi inayotia mtaji kwenye kampuni changa na kuchukua sehemu ya hisa. Bi. Halima akamsimulia mpwa, mpwa akamsimulia mkubwa wake, Bwana Mutiso, na wakakubali kuja kukuona.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia Ondieki, neno kwa neno, "Jumamosi kuna wageni kutoka Nairobi wanakuja kumwona Kerubo. Bi. Halima ndiye anawaleta." Nilisema kweli tupu. Lakini mwambie Mkisii kwamba wanaume wawili wanatoka mbali na gari kubwa kuja kumwona msichana wa boma, na mbele yao anatangulia mama mheshimiwa anayejulikana pande zote mbili, kisha umwambie asifikirie posa! Nilipotoka jikoni Jumamosi hiyo nilikuta viti vya kanisa vimepangwa uani, wazee wamekaa na makoti yao, na Ondieki amesimama katikati amevaa tai. Nikajua. Wageni walikuwa wameshaingia.

"Kabla hatujaongea mambo mingi," Ondieki akasema, "nani ndio esigani?"

Esigani ni yule mshenga wetu, anayezijua nyumba zote mbili na kusimama katikati kuzidhamini. Wageni wakatazamana. Bi. Halima hakupepesa hata jicho.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Hawa nawajua, na msichana pia namjua. Mambo ikiharibika, nitafutwe mimi."

"Vizuri. Sasa, Bwana, huyu msichana amesoma mpaka chuo. Hiyo unajua?"

"Tunajua, mzee," Bwana Mutiso akajibu kwa adabu. "Ndiyo maana tumesafiri."

"Na ni wewe unamtaka, ama ni huyu kijana?"

Ulikuwa umeshika birika la chai. Nilidhani litaanguka. "Baba mdogo! Hakuna mtu amekuja kunioa! Hawa ni watu wa kampuni!"

Wazee wakamtazama Ondieki. Ondieki akaketi, akavuta tai, akafikiri. Mwanamume mwingine angeomba radhi. Yeye alisimama tena.

"Sawa. Ni kampuni," akasema. "Lakini wamekuja kwa boma yetu, wanataka kitu yetu, na iko mtu katikati. Mimi sioni tofauti. Bwana, mnataka nini, na mnaleta nini?"

Bwana Mutiso alicheka mpaka akafuta macho, na hapo nikampenda. Alieleza vizuri sana kwamba wangeleta mtaji, wangechukua sehemu ya kampuni, na wangeketi nawe katika kikao cha wakurugenzi. Ondieki akamwambia hakuna boma la Wakisii linalokubali siku ya kwanza. "Kunyweni chai, kuleni kuku, mrudi kwenu. Mkuje siku ingine. Na sisi pia tutakuja kwenu kuona ng'ombe. Na mama yake lazima apate blanketi."

Wote walicheka, hata mimi. Wewe hukucheka. Nilikuwa nakutazama. Ulikuwa umeweka birika chini, na uso wako ulikuwa kama siku ile ulipotoka kuwatazama wanawake shambani.

Ulijua, kama tunavyojua sote, kwamba kabla ya posa kukubaliwa watu wa msichana huenda kwa mwanamume wakawaone ng'ombe kwa macho, wasije wakadanganywa na ng'ombe walioazimwa kwa jirani. Ondieki alisema kwa mazoea tu, na nusu yake ilikuwa mzaha wa kuficha aibu. Wewe ukaenda kweli. Ulipanda gari hadi Nairobi ukawatafuta watu ambao ofisi ya Bwana Mutiso ilitia mtaji kwao zamani, ukawaomba wakwambie maisha ndani ya boma lile yakoje. Hukutumwa na mtu. Uliniambia uliporudi kwamba wengi waliwasifu, kwamba walifunguliwa milango, na wakati wa shida mishahara ya wafanyakazi wao haikukosa. Na uliniambia habari za yule dada aliyekuwa akifundisha mafundi bomba kwa simu. Alikwambia, "Ni watu wazuri. Lakini wana haraka, na mimi nilikuwa polepole. Sasa kampuni yangu inaendeshwa na mtu mwingine."

Walipokuja mara ya pili, Bwana Mutiso aliniletea blanketi, zito, la maua mekundu, na wewe akakuletea mkataba. Blanketi nililitandika siku hiyo hiyo. Mkataba uliusoma kwa macho ya mtu aliyeona ng'ombe. Ndipo ukalipata lile sharti: kabla mwaka haujaisha, namba ya kabambe ifungwe na makundi ya egesangio yavunjwe, kwa kuwa ni ya polepole na hayaleti faida, na kampuni ibaki na wanafunzi wa mijini wenye simu kubwa wanaoweza kujilipia wenyewe.

Uliketi jikoni ukaniambia yote. Ukitia sahihi, kuna mtaji, kuna ofisi, kuna mishahara, na kampuni yako itajulikana hadi nchi jirani. Lakini wasichana wa kule Nyamarambe, wanaoazima kabambe za mama zao ili wasikilize somo la kola, watapiga namba na haitaita. Ukikataa, akiba yako itakwisha karibuni na huenda namba ile ikafungwa vilevile kwa kukosa malipo. Jumatatu unakwenda kuwaomba waliondoe hilo sharti. Wakikubali, utabaki Nairobi uijenge kazi. Wasipokubali, hujui. Kisha ukaniuliza, "Mama, wewe ungefanya nini?"

Nami nikasingizia kwamba sufuria inafurika.

Jibu langu ni hili, na naliandika kwa sababu mdomo wangu ulikataa. Mimi ningetia sahihi. Ningetia sahihi siku ile ya kwanza, kabla kuku hajaiva. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kufanya hivyo, na ushahidi wake uliuvaa wewe mwenyewe.

Ulikuwa mdogo shule moja iliponiita kushona sare zao zote. Nilikuwa nimeshonea mama za hapa kwa miaka, gauni moja moja, kila mama na kiuno chake na maneno yake. Mkuu wa shule akaniwekea karatasi, nikatia sahihi nimesimama, nikiogopa asije akabadili nia nikikaa. Nilikodi cherehani, nikaajiri watu, nikanunua kitambaa cha kijani robota kwa robota. Wale mama wa gauni moja moja walipokuja niliwaambia sina nafasi. Nilisema vibaya, Kerubo, nilisema huku nikishona, bila kuinua kichwa. Kisha shule ikapata mkuu mwingine, naye akapenda rangi ya samawati.

Unakumbuka ile kijani. Ulivaa sketi za kijani, ukalalia foronya za kijani, na Ondieki alikwenda mazishini na suruali ya kijani mpaka wakamwita mwanafunzi. Tulicheka kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Lakini kilichoniuma hakikuwa kitambaa. Niliumia nilipowarudia wale mama. Mmoja mmoja waliniambia kwa upole kwamba wameshapata fundi mwingine. Ilinichukua miaka kuwapata tena, na wengine sikuwapata. Mtu mmoja mkubwa alikuwa ameniita kwa sauti, na nikadhani sauti yake ndiyo soko lote.

Sikusimulii haya ili ukatae. Bwana Mutiso si mkuu wa shule yule, na wewe si mimi. Mimi nilikuwa na pupa, nikaona aibu kuuliza maswali mbele ya mtu aliyevaa suti. Wewe umeuliza kila kitu, umekwenda mpaka bomani kwao, na sasa unakwenda tena kuwaambia usoni jambo ambalo huenda likakukosesha kila kitu. Nimekaa na cherehani hii miaka mingi nikidhani mimi ndiye mfanyabiashara wa nyumba hii. Sasa ninakutazama na kujifunza, na si aibu kwangu kusema hivyo, ni raha.

Ikiwa watakusikiliza, na wakaliondoa sharti lile, basi fanya kazi nao kwa moyo mweupe, wala usiwatafutie ubaya. Mpwa wa Bi. Halima atakuonyesha mji. Ikiwa mtakutana katikati, kwa mfano makundi yabaki lakini yapunguzwe, wewe ndiye utakayejua kama hayo ni mapatano au ni mlango wa kuyaua taratibu. Mimi siwezi kujua nikiwa hapa. Na ikiwa utaona ni lazima utie sahihi kama ilivyo, kwa sababu watu wako wanakula kwa kazi hii na huwezi kuwaacha, basi tia. Sitakulaumu. Nitaumia, sitakuficha, kwa sababu sauti iliyomo kwenye namba ile ni yangu na nimeshaizoea kazi yake. Lakini nitaumia nikiwa upande wako. Kitu kimoja tu nakuomba, kama ikifika hapo, usiwaachie wale wasichana wagundue simu ikikataa kuita. Njoo uwaambie mwenyewe, ukiwa umeinua kichwa na kuwatazama.

Mvua inapungua. Nimesikia mtu akikung'uta mwavuli nje, kwa hiyo nimalizie jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Naogopa Jumatatu, mwanangu. Siogopi kwamba watakukatalia. Ninachoogopa ni kwamba utakaa mbele yao, ujue kwamba unapaswa kukataa, halafu ufikirie sisi. Ufikirie wazee waliokaa kwenye vile viti, Ondieki na tai yake, kanisa zima litakalokuombea kesho, mimi na maringo yangu sokoni. Ufikirie jinsi ya kurudi. Unajua mambo yetu. Mtu aliyeagwa kwa sherehe akirudi mikono mitupu huteremka jioni, giza likishaingia, akapita nyuma ya mashamba ya mahindi asikutane na mtu. Mama yake huwaambia majirani amekuja likizo, na likizo yenyewe haiishi, na baadaye hakuna anayeuliza. Nimeona watoto wa watu wakikaa ndani hivyo mpaka wakakonda. Wapo wengine waliotia sahihi mambo mabaya zaidi ya haya kule walikokwenda, ili tu wasirudi.

Wewe hutarudi hivyo. Wakikukatalia, panda gari la asubuhi. Shuka hapa Nyansiongo mchana, tena siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Nitafunga kibanda nije kukupokea mwenyewe. Sanduku nitalibeba mimi, na hatutapita nyuma ya mahindi, tutapita katikati ya soko, polepole, tukisalimia kila mtu. Atakayekuuliza mbona umerudi upesi hivi, usimjibu. Nitamjibu mimi. Nitamwambia walimpa pesa ili awaache watoto wenu, akakataa. Nitalisema kwa sauti, na nitalirudia kwa kila atakayeuliza, mpaka tufike nyumbani.

Ni mimi mama yako,
Nyaboke